Albamu ya kielektroniki ya majaribio: lupu za kanda, pizo, LUFS, santuri, na msikilizaji anayeondoka dakika ya tatu

Mawimbi7

Wadau wa sauti, naomba msaada wa kitaalamu kabla albamu hii haijafungwa. Ni vipande 8, jumla dakika 52, haina ngoma wala mwimbaji. Malighafi ni tatu: lupu (vipande vilivyoungwa ncha kwa ncha ili vijirudie) za kanda ya sumaku ya robo inchi inayokwenda sm 19 kwa sekunde, vyuma na waya vilivyorekodiwa kwa pizo, ile diski ya milimita 27 inayogeuza mtetemo kuwa umeme, ikiwa imebandikwa juu ya chuma chenyewe, na redio ya masafa mafupi iliyokatwakatwa kuwa chembe, yaani vipande vya sauti vifupi mno, ndani ya kompyuta.

Yanayokwama ni haya. Kipande cha 2 kina lupu tatu za sekunde 8, 12 na 16. Zilitakiwa zipishane daima, lakini ukisikiliza dakika mbili tu unaona mambo yaleyale yanarudi. Juu ya hapo kila kiungio cha kanda kinatoa "tak".

Pizo inatoa sauti nyembamba kama bati, haina kifua kabisa, ingawa chuma chenyewe ni kizito. Imechomekwa kwenye ingizo la laini (line) la kadi ya sauti.

Chembe zinazaa mvumo wa chini ambao haumo kwenye rekodi ya asili, na zikizidi wingi miksi inapasuka. Halafu vyote hivi vikiwekwa pamoja, katikati panakorogeka.

Kipande cha 1 kinapima −27 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), cha 6 ambacho ni kelele tupu kinapima −9. Tofauti hiyo ni ya makusudi, kelele inatakiwa ije kama mlango uliofunguliwa ghafla. Hofu ni kwamba majukwaa ya kutiririsha yatasawazisha kila kitu.

Kuna mpango wa santuri moja ya inchi 12. Na kuhusu mapokezi: waliopewa nakala ya kwanza wengi wameachia njiani kabla ya dakika ya tatu. Mpangilio ubadilishwe, au muziki wa aina hii huachwa ulivyo na msikilizaji ndiye ajipange?

FundiKanda

Mkuu Mawimbi7, tuanze na lupu, maana hapo kosa ni la hesabu. 8, 12 na 16 zote zinagawanyika kwa 4, na kigawe kidogo cha shirika ni 48. Kila sekunde 48 lupu zote tatu zinarudi pale zilipoanzia. Kipande cha dakika sita kinakuwa kimesema jambo lilelile mara saba na nusu, na sikio linaligundua mapema kuliko tunavyodhani.

Chagua urefu usio na kigawanyo cha pamoja. Mfano 7.9, 12.3 na 16.7: hizo zinakutana upya baada ya saa 45 na ushee. Kwa mwendo wa sm 19.05 kwa sekunde, kata sm 150.5, sm 234.3 na sm 318.1. Usihangaike kupatia milimita. Kosa la milimita moja ni milisekunde 5 tu, na linakusaidia badala ya kukuharibia. Mtunzi Mwingereza Brian Eno alitumia kanuni hii kwenye Music for Airports ya 1978: katika kipande "2/1" lupu moja ya sauti za waimbaji inarudi kila sekunde 23½, nyingine kila 25⅞, nyingine kila 29 na 15/16. Hakuna aliyekaa kupanga zikutane wapi.

Angalia pia umeziingizaje kwenye kompyuta. Ukirekodi mzunguko mmoja tu kisha ukaunakili mara arobaini, umeua kanda. Mashine ya kanda haina mwendo uliotulia kikamilifu, na mtetemeko ule mdogo ndio unaofanya mzunguko wa thelathini usifanane na wa kwanza. Rekodi lupu ikizunguka dakika zote sita, kila moja kivyake.

Kingine watu hukisahau: kimya. Lupu ya sekunde 12 yenye sauti kwa sekunde 10 inajenga ukuta. Ikiwa na sauti kwa sekunde 3 na utupu kwa 9, hapo ndipo msikilizaji anasikia sauti mbili zinakutana na kuachana. Bila utupu hakuna kukutana.

"Tak" ina sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni kukata mraba. Kata mshazari wa nyuzi 45, ili kichwa kihame kidogo kidogo kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Kwa kanda ya mm 6.35 mshazari huo unachukua milisekunde 33 ukihesabu upana mzima. Kwenye mashine ya stereo kila njia ina upana wa mm 2 hivi, kwa hiyo inapata kama milisekunde 10, na njia moja inapita kabla ya nyenzake. Ukisikia kiungio kinaruka kutoka kushoto kwenda kulia, sababu ni hiyo.

Ya pili ni wembe wenye sumaku. Wembe wa chuma uliokaa karibu na spika unaacha alama ya sumaku palepale unapokata. Uondoe sumaku, au tumia wembe wa kauri.

Ya tatu ni gundi. Tumia utepe maalumu wa kuungia kanda, ubandike upande wa mgongo, usitokeze pembeni. Utepe wa kawaida wa kufungia karatasi gundi yake inavuja baada ya muda, inashika kichwa na kunata kwenye roli. Lupu ndefu ipitishe kwenye nguzo laini, mfano mguu wa stendi ya maikrofoni, iwe na mvuto wa kutosha kugusa kichwa bila kuvutwa. Ikilegea masafa ya juu yanapotea na kurudi. Vichwa visafishwe kwa pombe ya isopropili kila baada ya saa chache za kuzungusha, maana lupu inasugua sehemu ileile mara mamia.

Sasa pizo. Haina ubaya wowote, umeiweka mahali pasipoifaa. Diski ya mm 27 ina uwezo wa kapasita wa karibu nanofaradi 20. Ikikutana na ingizo la laini la kilo-ohm 10, viwili hivyo vinakuwa kichujio kinachokata chini ya Hz 800 hivi. Kifua chote kimekatwa kabla hakijafika kwenye kadi. Ichomeke kwenye ingizo la gitaa, lile la mega-ohm 1, na ukomo unashuka hadi Hz 8. Kama kadi haina, tengeneza kikingio kidogo (buffer) cha transista ya JFET yenye rezista ya mega-ohm 1 au zaidi mlangoni, kikae karibu na diski, waya uliokingwa usizidi mita moja. Weka dayodi mbili za kulinda: pizo ikigongwa kwa nguvu hutoa volti makumi, na ingizo la kadi linaweza kufa.

Diski hizi pia zina mlio wao wenyewe, mara nyingi karibu na kHz 4. Punguza hapo dB 5 au 6 kwa mkato mwembamba, sauti ya bati itaondoka. Kubandika, nta ya nyuki au utepe mwembamba wa gundi pande mbili unafaa. Gundi ya moto ikiwa nene inazima mtetemo.

Desibeli

FundiKanda kamaliza upande wake. Naongeza chembe, kisha niende kwenye vipimo.

Mvumo usiokuwemo kwenye rekodi unatokana na kuanzisha chembe kwa nafasi sawa. Chembe ikianza kila baada ya milisekunde 25 kamili, umetengeneza mapigo 40 kwa sekunde, na sikio linasikia noti ya Hz 40. Weka ubahatishaji wa asilimia 20 hadi 40 kwenye nafasi ya kuanzia, mvumo utavunjika. Urefu wa chembe uwe kati ya milisekunde 30 na 80 ukitaka asili bado itambulike. Ukishuka chini ya 20 hivi unapoteza neno na noti, unabaki na vumbi. Kila chembe ipewe umbo la kupanda na kushuka taratibu, la sivyo kila mwanzo na mwisho ni mpasuko.

Kupasuka kwa miksi: chembe 16 zisizofanana zikipishana kwa wakati mmoja zinaongeza dB 12. Usiweke limita, ile inayozuia sauti isivuke kiwango fulani, kulitatua hilo. Shusha kiwango cha chembe kadiri wingi unavyopanda, yaani dB 3 kila idadi inapozidi maradufu.

Katikati kukorogeka: redio ya masafa mafupi haileti sauti zaidi ya kHz 5 hivi. Ukiishusha oktavu mbili, kilichobaki kinaishia kHz 1.25. Lupu ya kanda iliyopunguzwa mwendo nayo inakaa hapohapo, na chuma kikishapata kifua chake kitakuja kujibanza palepale. Vitu vitatu vinagombania Hz 150 hadi 1,200. Kusawazisha masafa peke yake hakutoshi, mgawie kila mmoja zamu au ghorofa. Vyuma virekodi upya kwa kasi ya sampuli ya kHz 96 au 192 ikiwa unapanga kuvishusha: kwa kHz 48 ukishusha oktavu mbili unabaki na sauti hadi kHz 6, kwa 96 hadi 12. Na ile "ssss" ya kanda ihesabu pia. Kanda nne pamoja zinaongeza dB 6 za "ssss". Ama uikubali kama rangi ya kipande kizima, ikiwemo sehemu za kimya, au uiwekee kila lupu kizima-kelele (noise gate) kinachoinyamazisha inapokuwa tupu. Kinachochukiza ni "ssss" inayokuja na kuondoka bila sababu ya kimuziki.

LUFS sasa. Spotify kwa kawaida husawazisha kwenye −14. Albamu ikichezwa kwa mpangilio wake, badiliko moja la kiwango linatumika kwa albamu nzima, kwa hiyo tofauti yako ya 18 inabaki kama ilivyo. Kipande kikichezwa peke yake au ndani ya orodha, kila kimoja kinapimwa kivyake. Hapo kelele yako inashushwa dB 5. Kipande cha 1 kingepaswa kupandishwa dB 13, lakini hawakipandishi kupita kilele cha −1. Kama kilele chake halisi ni −6, kinapanda dB 5 tu na kuishia −22. Tofauti ya 18 imekuwa 8.

Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli nusu. Ukweli mwingine ni kwamba tofauti ya 18 kati ya vipande haibebeki hata bila jukwaa lolote: mtu ataongeza sauti kwenye cha 1, cha 6 kikimfikia atarukia kitufe. Ningeileta kwenye 10 au 11. Kishtuo chenyewe usikijenge kati ya kipande na kipande. Kijenge ndani ya kipande kimoja.

Sababu ni lango la kipimo. LUFS ya jumla haihesabu sehemu zilizo chini ya −70, kisha inaacha pia zile zilizo LU 10 (sawa na dB 10) chini ya wastani wa kwanza. Chukua kipande cha dakika sita, nne zikiwa −45 na mbili −15. Wastani wa kwanza unatoka karibu −20, lango linakaa −30, zile dakika nne zote zinatupwa, kipimo kinasoma −15. Jukwaa linaona kipande cha kawaida kabisa na linakigusa kwa dB 1. Mlango wako unafunguka ndani yake, tofauti ya dB 30 ikiwa nzima.

Tahadhari mbili. Kipimo hiki kinapunguza uzito wa masafa ya chini, hivyo mvumo wa Hz 30 unaweza kusoma mdogo huku spika zinatapika. Na spika ya simu haitoi chochote cha maana chini ya Hz 200 hivi. Kama kipande kimesimama juu ya mvumo wa Hz 45 peke yake, kwenye simu ni kimya kitupu. Upitishe kwenye usaturishaji kidogo, yaani uukwaruze kidogo uzae masafa ya juu yake, upate Hz 90, 135, 180, 225 na kuendelea. Sikio litaijenga noti ya chini lenyewe.

Mawimbi7

Ahsanteni sana. Hilo la kuhamishia kishtuo ndani ya kipande halikuwa kichwani kabisa. Swali dogo: vipande 4 hadi 6 vinaungana bila pengo. Nikivikata kuwa mafaili matatu panasikika mkwaruzo mdogo kwenye MP3. Na limita ya mwisho iwekwe wapi?

Desibeli

Mkwaruzo unatoka kwenye umbizo. MP3 inafanya kazi kwa fremu za sampuli 1,152 na inaongeza utupu mwanzoni na mwishoni. Kicheza muziki kisichojua kuukata kinaacha pengo. Peleka WAV au FLAC ya biti 24 mahali pote. Ukate bila kufifisha, sampuli ya mwisho ya cha 4 ifuatwe na ya kwanza ya cha 5 papo hapo. Kwa CD, mkato uangukie kwenye kizidishi cha sampuli 588, maana CD ina fremu 75 kwa sekunde na 44,100 gawa kwa 75 ni 588. Ukikosea, programu ya kuandika CD itajazia sifuri, nazo zinasikika.

Limita: kilele halisi −1, na kwa kile cha kelele weka −2. Kelele nzito ikishabanwa na kodeki (programu ya kupunguza ukubwa wa faili) vilele vyake vinaruka juu ya ulivyoviacha. Jaribu mwenyewe: ibane kwa kilobiti 128, ifungue, ipime tena.

MfuoWaNdani

Naingilia kwenye santuri, maana watu huikumbuka mwisho wakati ndiyo yenye masharti magumu kuliko vyote.

Dakika 52 ni 26 kila upande. Kwa inchi 12 na mizunguko 33⅓ kwa dakika, upande unapumua vizuri ukiwa dakika 18 hadi 22. Ukizidi, mkataji (fundi anayechonga santuri mama) ama anashusha kiwango ama anapunguza besi ili mifuo, ile mistari inayopitiwa na sindano, isigongane. Una ahueni moja: sehemu tulivu zinakula nafasi ndogo, kwa hiyo upande wenye kipande cha 1 unaweza kuvumilia dakika 24. Lakini jua kwamba ukitulia mno, sauti ya santuri yenyewe itaifunika. Zile −45 za Desibeli kwenye santuri hazipo, kuna mkwaruzo wa mfuo tu. Kwa toleo hili zipandishe mpaka −35 hivi.

Jambo zito zaidi ni mahali pa kelele. Mwanzoni mwa upande mfuo unapita chini ya sindano kwa karibu sm 51 kwa sekunde, mwishoni karibu sm 21. Mzunguko unachukua sekunde 1.8 daima, ila duara limekuwa dogo, kwa hiyo mawimbi ya juu yanabanwa kwenye urefu usiotosha. Kelele yenye kHz 8 na kuendelea ukiiweka mwisho wa upande itatoka imekunjamana, na hakuna mkataji atakayekuokoa. Pia kelele ya juu mfululizo inapasha joto kichwa cha kukatia, naye atalazimika kuishusha. Kipande cha 6 kianze upande B. Mwisho wa pande zote mbili weka vitu vyenye giza na utulivu: lupu za kanda zinakaa pale kama zimezaliwa humo.

Besi chini ya Hz 150 iwe ya kati (mono), isiwe stereo. Chini ikiwa kinyume kati ya kushoto na kulia, sindano inasukumwa wima na inaweza kuruka. Hili linawakuta sana wanaotumia riverbu (mwangwi) pana juu ya mvumo mzito. Jaribio lake ni rahisi: jumlisha njia mbili kuwa moja, mvumo ukipotea au kupungua sana, una tatizo. Kwa mkataji peleka faili la biti 24 lisilo na limita, lenye nafasi ya dB 3 juu.

Santuri ya majaribio ikija, usianze mwanzo. Sikiliza dakika tatu za mwisho za kila upande, kisha mpito kutoka sehemu tulivu zaidi. Kasoro nyingi zinakaa huko.

Na ukipenda mfuo uliofungwa mwishoni, yaani duara linalojirudia bila kikomo, huo ni sekunde 1.8 kamili. Kwa mwenye mapigo manne ndani yake ni mwendo wa 133⅓ kwa dakika. Mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer alianzia hapo mwaka 1948, kwa mifuo iliyofungwa kabla kanda haijaingia studioni kwake.

SikioLaTatu

Mimi nijibu swali la mwisho la ndugu yetu, la mapokezi, kwa sababu wengi hulitenga na utengenezaji kana kwamba ni kazi ya watu wa matangazo.

Mwaka 1967 Morton Subotnick alitoa Silver Apples of the Moon, kazi ya sinthesaiza ya Buchla iliyoagizwa na lebo ya Nonesuch. Aliiandika kwa ajili ya santuri: sehemu mbili, kila moja upande wake, za kusikilizwa nyumbani na si ukumbini. Urefu, kupumzika na mahali pa kuanza upya vilitokana na chombo. Kazi inayojua itasikilizwa wapi inampa msikilizaji pa kushika, hata ikiwa ngumu kiasi gani.

Mfano wa upande wa pili ni Metal Machine Music ya Lou Reed, 1975: pande nne za mirejeo ya gitaa na amplifaya, hakuna nyimbo, jina la mwanamuziki wa roki juu ya jalada. Wanunuzi wengi waliirudisha dukani. Lakini mwaka 2002 kundi la Zeitkratzer liliipiga Berlin kwa vyombo vya kawaida kutokana na noti za muziki zilizoandikwa, na watu wakakaa wakasikiliza. Sauti hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba aliyeingia ukumbini alijua ameitiwa nini.

Kwa hiyo wanaoondoka dakika ya tatu usiwalaumu wala usiwatii. Wapime. Tafuta wasikilizaji watano au sita, usiwaambie chochote, wape karatasi na saa. Waandike dakika na sekunde kila mawazo yanapotoka kwenye muziki na kila yanaporudi. Usiwaulize kama wameipenda. Nyakati zikitawanyika, kipande hakina tatizo, ni tabia za watu. Wanne wakiandika 2:40 hadi 3:00, kuna kitu hapo: mara nyingi ni mabadiliko yaliyokuja sekunde thelathini baada ya sikio kuwa limeshayatarajia. Sogeza mabadiliko hayo mapema, au yafute kabisa ili kisitarajiwe kitu. Kwa kipande chako cha 2 nina hakika watu waliondoka kwa sababu ya ile 48: mara ya tatu au ya nne lupu zilipokutana walishaelewa kila kitu kitakachofuata.

Mhakiki mtumie wiki sita hadi nane kabla ya kutoka. Kiungo kimoja cha faragha cha kusikiliza na kupakua, na maelezo ya aya moja: vyanzo vya sauti, utaratibu, urefu, na isikilizwe kwa nini, hedifoni au spika. "Lupu tatu za 7.9, 12.3 na 16.7 zinazohitaji saa 45 kukutana" inamwambia zaidi kuliko sifa kumi. Maneno kama "ya kipekee" na "safari" yaache, anayapokea kila siku.

Kwenye kutiririsha, usikilizaji mmoja unahesabika baada ya sekunde 30, na kipande cha dakika 26 kinahesabika mara moja sawa na cha dakika mbili. Tangu 2024 Spotify hailipi kipande kisichofika mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa albamu ya namna hii mapato yakitafutwa yatafutwe kwenye mauzo ya moja kwa moja; Bandcamp, duka la muziki mtandaoni, wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na majukwaa mengine yabaki kama dirisha. Weka dondoo ya dakika tatu ya kipande kimoja itangulie, iliyochanganywa kwa ajili hiyo, isiwe mkato wa mwanzo.

Na redio: mvumo na milio ya masafa mafupi ni yako, lakini wimbo au sauti ya mtangazaji iliyonaswa ina mwenyewe. Kama chembe bado zinatambulika, badilisha au omba ruhusa. Usisajili vipande hivyo kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua maudhui. Kelele na redio zinafanana na za wengine, nawe utazua madai ambayo si ya haki.

FundiKanda

Nakubaliana na karibu yote, isipokuwa kelele kuanza upande B. Mlango ulitakiwa ufunguke ghafla. Mtu akishainuka kugeuza santuri, ghafla imekwisha. Kakaa kimya, kashika jalada, anategemea chochote.

MfuoWaNdani

Hoja ya kweli. Basi upande B usianze na kelele. Uanze na sekunde 40 hadi 60 za mwisho wa kipande cha 5, zile tulivu, kisha mlango. Sindano inakuwa imesogea milimita chache tu na kasi ya mfuo iko karibu sm 50. Mkwaruzo wa santuri ukisikika kwenye utulivu ule, mwenye kusikiliza atasogea karibu na spika mwenyewe.

SikioLaTatu

Na kwenye toleo la kidijitali weka mkato palepale, yaani kipande cha 6 kiwe na utulivu wake ndani. Ndicho alichokieleza Desibeli kuhusu lango: hata kikichezwa peke yake kwenye orodha ya mtu, sekunde 50 za mwanzo zinabaki chini na kelele inakuja juu yake ikiwa nzima. Ila sasa sekunde 30 za kuhesabiwa zinaangukia kwenye utulivu. Hakikisha humo kuna kitu kimoja kidogo kinachosogea, labda waya mmoja wa pizo, ili asidhani faili limeharibika.

Mawimbi7

Nimeelewa. Lupu zinakatwa upya leo kwa 7.9, 12.3 na 16.7, pizo inahamia ingizo la gitaa, na kipande cha 5 kinagawanywa dakika moja kabla ya kelele. Kwa santuri vitabaki dakika 44, vipande 3 na 8 vinakwenda toleo la kidijitali pekee. Faili la jaribio la kukata nitaliweka hapa pamoja na vipimo vya njia mbili zikiwa zimejumlishwa.

MfuoWaNdani

Weka na nafasi ya kila sehemu yenye masafa ya juu kuliko kHz 10, kwa dakika na sekunde. Mkataji ataiomba tu.